Waliokosa pa kurudi: tamati ya Valérian na Laureline

Mwaka 1968, katika kurasa za jarida la vibonzo la Pilote la mjini Paris, Wafaransa wawili waliuzamisha mji wa New York. Mmoja alikuwa mtunzi, Pierre Christin. Mwenzake mchoraji, Jean-Claude Mézières. Katika kisa chao, mabomu ya nyuklia yanalipuka karibu na Ncha ya Kaskazini mwaka 1986, barafu inayeyuka, bahari inafurika, na ustaarabu tunaoujua unaporomoka. Maghorofa ya Manhattan yanabaki yamesimama majini huku waporaji wakiyahemea yaliyomo. Baada ya karne za giza ndipo binadamu wanapovumbua namna ya kusafiri katika anga na katika wakati, na kutokana na uvumbuzi huo unazaliwa mji wa Galaxity, makao makuu ya dola ya Dunia katika karne ya 28. Huko ndiko aliko Valérian, wakala wa idara inayolinda anga na wakati dhidi ya wavurugaji.

Walipokuwa wakichora, mwaka 1986 ulikuwa mbali. Lakini hadithi ikapendwa, ikaendelea, miaka ikakatika, na mwanzoni mwa miaka ya 80 tarehe ile ikawa inabisha hodi. Watunzi wengi wangeiruka kimyakimya au wangeisogeza mbele. Christin hakufanya hivyo. Katika vitabu viwili vinavyofuatana, Les Spectres d'Inverloch cha 1984 na Les Foudres d'Hypsis cha 1985, aliwapeleka mashujaa wake hadi kwenye mzizi wa janga lenyewe, na janga likazuiwa. New York ikapona. Na kwa kuwa janga halikutokea, karne za giza nazo hazikutokea, uvumbuzi haukutokea, na Galaxity, pamoja na wakubwa wake, sheria zake na mishahara yake, ukafutika. Wakabaki Valérian na mwenzake Laureline na chombo kimoja cha angani, hawana mwajiri wala pa kurudi. Miezi michache baada ya kitabu hicho kutoka, Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka kweli.

Juzuu tatu zinazofunga mfululizo huu, zilizotoka mwaka 2004, 2007 na 2010, haziwezi kupimwa bila kukumbuka kitendo hicho. Mtunzi anayewanyang'anya mashujaa wake mustakabali wao amejitwika deni, na wasomaji waliomfuata kwa miongo minne wana haki ya kumdai. Nimezisoma juzuu hizo nikiwa na swali moja: je, walilipa? Nasema walilipa, tena kwa namna ambayo sijaiona katika hadithi nyingine ya anga za juu, ingawa katikati ya safari waliyumba. Kulieleza hilo kutanilazimu kuusema mwisho wenyewe, kwa hiyo anayetaka kuufikia kwa macho yake akaisome hadithi kwanza.

Kwa wasioijua, mambo machache. Valérian alianza kuonekana katika Pilote Novemba 1967, wakati jarida hilo likiongozwa na René Goscinny, yuleyule aliyemtunga Asterix. Katika kisa cha kwanza anazifuata nyayo za Xombul, mkubwa wa Galaxity mwenye uchu wa madaraka, hadi Ufaransa ya karne ya 11, na msituni anakutana na msichana wa kijijini, Laureline, anayemwokoa. Laureline alikusudiwa kuonekana katika kisa hicho tu. Wasomaji wakamtaka, akabaki, na kabla ya miaka kumi kupita yeye ndiye aliyekuwa akiibeba hadithi mabegani. Jina lake lilibuniwa na watunzi wake. Leo wapo wanawake wa Ufaransa walioitwa hivyo na wazazi waliokuwa wasomaji.

Christin na Mézières wote walizaliwa mwaka 1938, na walijuana utotoni huko Saint-Mandé, kando ya Paris, ndani ya handaki ambamo familia zilijikinga na mashambulizi ya ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili. Naomba msomaji alishike handaki hilo, maana lina kazi mbele. Walipokua, Mézières alivutwa na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, akaenda Utah kuchunga ng'ombe kwelikweli. Christin alikuwa Salt Lake City akifundisha chuo kikuu. Huko ndiko walikoanza kufanya kazi pamoja. Waliporudi kwao, Christin akawa mwalimu wa uandishi wa habari mjini Bordeaux, na uandishi huo unaonekana katika kila alichotunga: anapofika sayari mpya, jambo la kwanza analouliza ni nani anafanya kazi, nani anakula, na nani anatoa amri. Mtu wa tatu asisahauliwe. Rangi zote za vitabu hivi zilitiwa na Évelyne Tranlé, dada yake Mézières.

Watu wengi wamekutana na ulimwengu huu bila kujua. Mézières alialikwa na Luc Besson kubuni mandhari ya filamu ya The Fifth Element ya 1997, na teksi zile zinazopaa kati ya maghorofa zilikuwa zimekwisha kuonekana katika kitabu chake cha 1994, Les Cercles du pouvoir. Mwaka 2017 Besson akaitengeneza filamu ya Valérian yenyewe, yenye picha za kupendeza na roho hafifu. Kuhusu Star Wars, mjadala wa nani alimwiga nani hauishi. Mézières mwenyewe aliujibu kwa mchoro mmoja wa mwaka 1983, unaowaonyesha mashujaa wawili wa filamu ile wakikutana baa na Valérian na Laureline, na Laureline akiwajulisha kuwa wao ni wenyeji wa siku nyingi mahali hapo.

Lakini kilichowatofautisha na Star Wars hakikuwa vyombo wala viumbe. Chukua Bienvenue sur Alflolol, kitabu cha 1972. Wenyeji wa sayari fulani, watu wanaoishi maisha marefu mno, waliondoka matembezini. Safari yao ikachukua miaka 4,000. Wanaporudi wanakuta Dunia imeigeuza sayari yao kuwa kiwanda kimoja kikubwa, imeipa jina jingine, na gavana aliyepo hana hata habari kwamba nchi ina wenyewe. Sheria ya Galaxity inatambua haki za wenyeji, kwa hiyo hawafukuzwi. Wanatengewa eneo. Eneo lenyewe halifai, wanahamishiwa jingine, kisha wanaambiwa kwamba wakitaka kula ni lazima wafanye kazi viwandani. Valérian, mtumishi mtiifu wa serikali, anatafuta suluhu ya mezani. Laureline anahamia upande wa wenyeji, anakaa nao, anakula nao. Msomaji wa Laikipia au wa Ngorongoro hahitaji maelezo ya pembeni kuielewa picha ile ya familia iliyokaa juu ya mizigo yake, ikingoja ofisa aje na karatasi nyingine. Mézières aliichora miaka zaidi ya 50 iliyopita na bado inachoma.

Hiyo ndiyo dola waliyoipoteza mwaka 1985. Na hapo ndipo ugumu wa kufunga hadithi unapoonekana. Ukiwarudishia Galaxity, umewarudishia nyumba, lakini pia umeirudisha ile serikali iliyowatengea wenyeji wa Alflolol ardhi isiyofaa. Usipowarudishia, umewaacha yatima. Kwa karibu miaka 20 Christin aliwaacha hivyo: wakawa vibarua wa anga, wakichukua kazi popote zinapopatikana, mara kwa mabwana wabaya, wakibishana juu ya fedha. Valérian ndiye aliyeumia zaidi. Laureline alikwisha kuuacha wakati wake mara moja, tangu msituni. Alijua jinsi ya kuishi bila kwao.

Juzuu ya kwanza kati ya tatu za kufungia, Au bord du Grand Rien, yaani Ukingoni mwa Utupu Mkuu, inawaanzia hapo chini kabisa. Wale mawakala wa dola sasa ni wachuuzi. Wanazunguka na chombo chao katika pembe ya mwisho ya ulimwengu, wanauza bidhaa ndogondogo, na nyuma ya uchuuzi huo wanatafuta njia ya kuingia katika Utupu Mkuu, mahali ambapo ulimwengu ungali ukiumbwa, kwa tumaini kwamba Dunia iliyopotea imo humo. Wanataka kujiunga na msafara wa nahodha Singh'a Rough'a, anayejiandaa kuvuka ukingo. Hiyo ndiyo njama nzima, na inatosha.

Inatosha kwa sababu kitabu hiki kinaelewa maisha ya mpakani. Ukingo wa ulimwengu unafanana na kila mji wa mpakani: wapo waliokuja kubahatisha, waliokwama, wenye bidhaa zisizo na stakabadhi, wanaouza ramani za mahali wasipowahi kufika. Mézières alikuwa na miaka ipatayo 65 alipoichora, na mistari yake imelegea kuliko ya miaka ya 70. Kulegea huko kunamfaa. Nyuso zina nafasi ya kupumua, mavazi yanaonekana yamevaliwa kwa muda mrefu, na katika picha kubwa za umati jicho linaweza kukaa dakika nzima likikuta mtu mwingine na biashara nyingine. Kisha unafunua ukurasa, na nyuma ya vurugu zote hizo upo Utupu wenyewe, na Tranlé ameutia weusi usio na nyota. Anayetaka kujua rangi zinaweza kusema nini katika vibonzo aanzie hapo.

Laureline mchuuzi ni furaha ya pekee. Anapatana bei, anasoma sura za wateja, anajua lini kuondoka. Valérian anajitahidi, lakini ndani yake bado ni ofisa aliyepoteza ofisi, na kila anapotaja Dunia unasikia mtu anayehesabu kwamba akiipata atapata pia cheo chake. Christin hasemi hilo waziwazi. Analionyesha katika jinsi wawili hao wanavyozungumza jioni kazi ikiisha. Hii ndiyo juzuu bora ya tatu, na naiweka karibu na kazi zao za miaka ya 70.

Ya pili, L'Ordre des pierres, Amri ya Mawe, ndiyo dhaifu. Msafara umeingia Utupuni na adui amejitokeza: Wawoloch, mawe makubwa yenye nguvu na nia, yanayotaka kuutawala ulimwengu. Tatizo langu na Wawoloch ni kwamba hawataki kitu kinachoeleweka. Katika vitabu vya awali uovu ulikuwa na sababu. Gavana wa Alflolol alitaka uzalishaji uendelee. Katika Les Oiseaux du maître, cha 1973, bwana haonekani, lakini tunawaona vibarua wake wakikusanya chakula wasichokila, tunaiona njaa yao, tunawaona ndege wanaomshambulia anayeuliza maswali. Uonevu una tumbo na una mikono. Jiwe halina njaa. Linaelea, linatisha, linaua, na baada ya kurasa kadhaa tisho lake linachosha. Pengine Christin alitaka adui asiyeweza kubembelezwa wala kuhongwa, baada ya maisha yote ya kuandika juu ya maadui wanaohongeka. Wazo lina uzito wake. Lakini vibonzo huishi kwa nyuso, na juzuu hii imekabidhi nusu ya hadithi kwa kitu kisicho na uso.

Hata hivyo, juzuu hiyo ya 2007 ilifanya jambo moja lililochelewa miaka mingi. Kwa miongo minne, mfululizo huu ulikuwa ukiitwa kwa jina la Valérian peke yake, wakala wa anga na wakati. Tangu hapo ukaitwa Valérian na Laureline. Mtu anaweza kudhani ni jambo la jalada tu. Mimi naliona kuwa malipo ya awamu ya kwanza. Mwaka 1975, katika L'Ambassadeur des ombres, Valérian anatekwa mapema, na Laureline ndiye anayeitembeza hadithi nzima ndani ya kituo kikubwa cha anga ambako jamii za kila aina zinaishi kila moja katika vyumba vyake. Amembeba yule mnyama mdogo mwenye hasira anayemeza kito kimoja na kutoa vingi, na kwa fedha hiyo ananunua habari, anahonga, anapenya. Balozi wa Dunia alikuwa amekuja kuwatisha wengine wote kwa silaha; Laureline anagundua kwamba waliomteka walikuwa na hoja. Valérian angeifikia hoja hiyo baada ya siku kadhaa. Mwanamke huyo aliibeba dhamiri ya mfululizo kwa muda wote ambao jina lake halikuwa juu ya kitabu.

Tukifika L'OuvreTemps, Kifungua Wakati, cha 2010, Wawoloch wanatoka Utupuni na ulimwengu wote uko hatarini. Silaha ya kuwazuia ni hicho kifungua wakati chenyewe, na kukitumia kunahitaji marafiki wote. Basi wanaitwa. Wanatokea Washingouz, wale viumbe watatu wenye pua ndefu wanaouza siri kwa yeyote mwenye fedha. Anatokea Bwana Albert, mzee mnene na mpole wa Paris apendaye chakula kizuri, aliyekuwa mtu wa Galaxity katika Dunia ya siku zetu. Wanatokea wengine kutoka vitabu vya miaka ya 70 na ya 80, watu na wanyama na vitu vilivyo kati ya watu na wanyama. Kitabu kinajaa kama arobaini ya marehemu aliyejulikana na wengi: kila mtu anataka kusema neno, na muda hautoshi. Wapo wanaopata fremu moja na kuondoka. Anayeukuta mfululizo hapa kwa mara ya kwanza hatajua kwa nini msomaji mwenzake ametabasamu.

Kama kitabu kinachojitegemea, kina kasoro. Kinakimbia. Hesabu za wakati katika kurasa za mwisho zinapita haraka mno, mambo ambayo zamani Christin angeyapa juzuu nzima yanamalizwa kwa mazungumzo ya fremu mbili, na Wawoloch wanashindwa kirahisi kuliko walivyotisha. Nasema hivyo bila kusita kwa sababu wapo mashabiki wanaokisifia kila ukurasa, na sifa za namna hiyo hazimheshimu mwandishi aliyewahi kutunga kwa utulivu wa L'Ambassadeur des ombres.

Lakini angalia ni nani walioitwa. Hadithi za anga za juu zina desturi yao ya kumaliza: merikebu za kivita zinajipanga, jeshi la haki linapambana na jeshi la dhuluma, kitu kikubwa kinalipuka, kisha wanagawiwa nishani. Hapa hakuna jeshi la Dunia la kuwasaidia, maana hao wawili walilipoteza mwaka 1985. Wanaokuja ni wachuuzi, wauza siri, wakimbizi, watu wa sayari ambazo Galaxity iliwahi kuzionea. Kwa nini waje? Kwa sababu miaka 40 iliyopita mwanamke mmoja alikaa nao akala nao. Vitabu vyote vya nyuma, ambavyo kila kimoja kilionekana kuwa safari inayojitegemea, vinageuka kuwa akiba. Mashujaa walipokuwa na dola nyuma yao walikuwa na amri na mishahara. Walipoipoteza ndipo ilipoonekana walichokuwa nacho hasa. Sikumbuki hadithi nyingine ya aina hii iliyoipima thamani ya mashujaa wake kwa idadi ya watu waliokubali kuja walipoitwa.

Na Galaxity? Unapatikana. Hapa ndipo Christin anapofanya uamuzi ambao wasomaji wanaugombania hadi leo. Mji uliotafutwa kwa robo karne unarudi, na wawili hao hawarudi kuwa raia wake. Wanaishia kuwa watoto. Valérian na Laureline wanajikuta wadogo, katika Dunia ya siku zetu, mikononi mwa Bwana Albert, na maisha mapya mbele yao.

Wanaolalamika wana hoja, na hoja yenye nguvu zaidi inamhusu Laureline. Mwanamke aliyejenga akili yake na msimamo wake mbele ya macho yetu kwa miaka 43 ananyang'anywa vyote kwa kurasa chache. Mapenzi yao pia, ambayo yalikuwa ya watu wazima kwelikweli, yenye wivu, uchovu na kusameheana, yanarudishwa hadi mahali ambapo hayajaanza. Anayesema huo ni wizi hajakosea kuhisi hivyo.

Mimi nauona vingine, na ndipo ninapolirudia lile handaki la Saint-Mandé. Waliotunga hadithi hii walikutana wakiwa watoto chini ya ardhi huku mabomu yakidondoka juu. Kisa chao kikubwa cha kwanza baada ya kile cha utangulizi kilikuwa cha mabomu yanayoimaliza Dunia. Walipofika miaka zaidi ya 70, wakiwa na uwezo wa kuwapa mashujaa wao chochote, ufalme, vyeo, kifo cha kishujaa, waliwapa utoto katika mji ambao haushambuliwi. Valérian tulimkuta akiwa tayari ni askari wa dola. Laureline aling'olewa katika karne yake akiwa bado msichana. Hakuna kati yao aliyewahi kuonekana akicheza. Ndiyo maana nasema deni lililipwa: walionyang'anywa mustakabali walirudishiwa mustakabali, na ulikuwa wao wenyewe, haukuwa tena mustakabali wa dola.

Lipo jambo la kulinganisha. Mézières alisoma chuo cha sanaa pamoja na Jean Giraud, anayejulikana zaidi kwa jina la Moebius. Giraud, akishirikiana na mtunzi Alejandro Jodorowsky, naye alifunga hadithi kubwa ya anga, L'Incal, mwaka 1988, na aliifunga kwa kuirudisha mwanzoni: John Difool anamaliza akianguka katika shimo lilelile alimoangukia ukurasa wa kwanza. Ni mwisho wa akili kali na picha zake hazina mfano. Lakini ni duara, na mtu aliyefungwa ndani ya duara hana anachoweza kufanya ila kuzunguka. Watoto wa Bwana Albert wanaweza kukua wakawa wowote watakao. Nikilazimishwa kuchagua, nauchagua mwisho wa Christin pamoja na haraka zake zote.

Mwaka 2013 ilitoka juzuu moja zaidi, Souvenirs de futurs, ya visa vifupi vinavyopitia tena mahali pa zamani. Ina kurasa za kupendeza na haibadilishi chochote. Mézières alifariki Januari 2022, na Christin Oktoba 2024.

Vitabu vya aina hii kutoka Ufaransa na Ubelgiji vina wasomaji wa siku nyingi Kongo, na wachoraji wa huko wameufanya ufundi huo kuwa wao. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechapisha albamu zake Ulaya kwa miaka mingi. Kwa wasiosoma Kifaransa, mfululizo wa Valérian umetafsiriwa kwa Kiingereza na shirika la Cinebook, juzuu kwa juzuu. Mpangilio ninaoupendekeza haufuati namba. Anza na L'Ambassadeur des ombres, umjue Laureline. Kisha Alflolol, uijue dola. Baada ya hapo soma vile viwili vya 1984 na 1985 kwa mkupuo mmoja, usiku uleule ukiweza, halafu ukae kidogo kabla ya kushika Ukingoni mwa Utupu Mkuu. Amri ya Mawe ipite upesi, ukipunguza mwendo kwenye kurasa za weusi wa Tranlé. Kabla ya kufungua ile ya mwisho, rudi nyuma usome vitabu vingine vyote vya miaka ya 70, maana watu utakaowakuta humo ndio watakaokuja.